Hesabu za advansi: mmekwama mstari wa ngapi?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa Mwanza, Sengerema na Ukerewe. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: tukikaa pamoja kufanya hesabu, mbona hatusaidiki? Zilizofanana tumeziunganisha. Pale barua ilipokuja na hesabu yake, tumeifanya hesabu yenyewe hadi mwisho, maana ushauri wa jumla juu ya hesabu haumvushi mtu popote.

SWALI: Shikamooni wahariri. Tuko saba, wote PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kidato cha tano, shule ya bweni pande za Nyegezi. Kila usiku baada ya prepu tunafanya diskasheni ya hesabu. Mwenzetu mmoja ni mkali sana, anasolvu ubaoni na sisi tunanakili. Pale pale tunaelewa kila kitu. Likija jaribio, anafaulu yeye peke yake. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mnakosea kwenye chaki: ameishika mtu asiyeihitaji. Mkali wenu anapofanya swali ubaoni, ninyi mnaona mistari iliyokwisha kuchaguliwa. Hamwoni alivyoichagua, na mtihani unapima kuchagua.

Kwanza, saba ni wengi. Gawanyikeni watatu na wanne. Pili, maswali yachaguliwe siku moja kabla, na kila mmoja ahangaike nayo peke yake, dakika 20 kila swali, kwenye daftari, huku akiipa mistari yake namba. Asiyekuja na mistari yake hana cha kuuliza bado, akae asikilize. Tatu, chaki apewe aliyekwama. Aandike kazi yake kama ilivyo hadi pale alipokwama, bila kusahihishwa njiani. Wenzake wana ruhusa ya kuuliza tu: mstari wa 3 umetokaje kwenye wa 2? Mkali akae nyuma, azungumze wa mwisho.

Chukueni swali hili: tafuta x kuanzia 0° hadi 360° kama sin 2x = sin x. Mwenzenu ameandika hivi:

1. 2 sin x cos x = sin x
2. 2 cos x = 1
3. cos x = ½
4. x = 60°, 300°

Mkali akiwa na chaki atasema "umesahau 0°, 180° na 360°", ataongeza majibu matatu, wote mtanakili, na wiki ijayo kosa litarudi kwenye mlinganyo mwingine. Aliyepangiwa kuuliza tu atauliza hivi: kutoka mstari wa 1 kwenda wa 2 umegawanya kwa kitu gani, na je, kitu hicho kinaweza kuwa sifuri? Hapo mwenye kazi atasimama mwenyewe. Amegawanya kwa sin x. Sin x ni sifuri kwenye 0°, 180° na 360°, na kugawanya kwa sifuri hakuna. Kwa kukata sin x pande zote mbili ameyatupa majibu hayo bila kujua. Njia salama ni kuhamisha kila kitu upande mmoja na kutoa kigawo cha shirika: sin x (2 cos x − 1) = 0. Kila kigawo kinaleta majibu yake, na jumla yanakuwa matano. Swali lile lile moja, "kinaweza kuwa sifuri?", litamsaidia pia kwenye logi, kwenye sehemu zenye x kwenye asili, na kwenye milinganyo ya difrensha ya kutenganisha vigeu.

Swali likiisha futeni ubao, na yule aliyekwama alirudie lote bila kuchungulia popote. Kesho yake mpeni la aina hiyo hiyo lenye namba tofauti. Maswali matatu kwa saa moja na nusu yanatosha kabisa. Kundi linalotaka kumaliza pasti pepa nzima usiku mmoja huishia kunakili, hata likiwa na nia njema kiasi gani.

SWALI: Tunabishana wawili, tuko Buhongwa. Swali: tafuta (−√3 + i)⁶. Mmoja wetu kabofya kikokotoo akapata ajumenti (pembe ya namba hiyo kwenye grafu) −30°. Mwingine kasema ni 150°. Wote tumepata −64 na kitabu kinasema −64. Kwa hiyo zote mbili ni sahihi?

JIBU: Hapana. Sahihi ni 150° peke yake. Aliyetumia −30° ameokolewa na kipeo cha 6, na hii ndiyo hatari yake: jibu limelingana na la kitabu, kwa hiyo kundi zima limeamini njia mbovu.

Anzeni kwa kuchora, kila mara. Sehemu halisi ni −√3, iko kushoto. Sehemu ya i ni 1, iko juu. Nukta imekaa robo ya pili ya grafu, na pembe za robo hiyo ziko kati ya 90° na 180°. Kikokotoo mkikipa tan⁻¹ ya 1 ÷ (−√3) kinajibu −30° kwa sababu tan⁻¹ hurudisha pembe za kati ya −90° na 90° tu. Haiwezi kamwe kuwapa pembe ya upande wa kushoto. Ninyi ndio mnaojua nukta iko wapi, chombo hakijui. Ikiwa kushoto, ongezeni 180°: −30° + 180° = 150°. Kama mnataka ajumenti ibaki kati ya −180° na 180° na nukta iko kushoto chini, toeni 180° badala ya kuongeza.

Sasa kwa nini mmelingana? Modulasi, yaani urefu kutoka sifuri hadi nukta, ni 2, na 2 kipeo cha 6 ni 64. Kosa la pembe ni 180°. Kwenye kipeo cha 6 kosa hilo linazidishwa mara 6 na kuwa 1,080°, yaani mizunguko mitatu kamili, basi mnarudi pale pale. Kwenye kipeo chochote cha namba shufwa kosa litajificha hivyo hivyo. Jaribuni kipeo cha 5. Mwenye 150° anapata 32(cos 750° + i sin 750°), ambayo ni sawa na pembe ya 30°, jibu 16√3 + 16i. Mwenye −30° anapata pembe ya −150°, jibu −16√3 − 16i. Alama zote mbili zimegeuka.

Kwenye mizizi ndiko mambo yanakoharibika zaidi. Mkiulizwa mizizi mitatu ya namba hii, pembe sahihi ni 50°, 170° na 290°. Anayeanza na −30° anapata −10°, 110° na 230°. Hakuna hata moja lililo sawa, na alama za majibu zote zimekwenda kwa sababu ya mstari mmoja wa mwanzo.

Mwenye ubishi arudishe namba yake kabla ya kuendelea: 2 cos(−30°) ni √3, wakati swali lina −√3. Ni kazi ya sekunde chache na inamaliza ubishi bila mwamuzi.

SWALI: Sisi wa Igoma tumepewa integrali ya 1/(1 + x²) kutoka 0 hadi 1. Kwa integresheni ya kawaida tumepata 45. Kwa kanuni ya trapeza, odineti 5 (thamani tano za y), tumepata 0.7828. Kwa kanuni ya Simpson 0.7854. Tumechoka. Ipi ni ipi?

JIBU: Kabla ya kubofya chochote, angalieni ukubwa. Kutoka 0 hadi 1 grafu inashuka kutoka 1 hadi 0.5, na upana wake ni 1. Eneo lililo chini yake lazima liwe kubwa kuliko 0.5 na dogo kuliko 1. Kwa hiyo 45 haiwezekani, hata kabla ya kujua kosa liko wapi. Kila kundi liwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hii tu: kukadiria jibu litaangukia kati ya namba gani na gani, kabla wenzake hawajaanza.

Kosa lenyewe ni kikokotoo kilichoachwa kwenye nyuzi. Integrali inatoa tan⁻¹ 1, na kwenye kalkulasi pembe husomwa kwa radiani, kwa sababu kanuni zote za difrensiesheni na integresheni za sin, cos na tan zimejengwa juu ya radiani. Jibu ni π/4, yaani 0.785398. Hizo 45 ni nyuzi za pembe ile ile. Mkianza mada ya kalkulasi, badilini kikokotoo kiwe radiani. Mkirudi kwenye pembe za pembetatu, kirudisheni. Namna ya kupima ni kubofya sin 30: kikikupa 0.5 kiko kwenye nyuzi.

Sasa hizo mbili nyingine. Odineti 5 ni vipande 4, kwa hiyo h = 0.25. Watu wengi hugawanya kwa 5 na kupata h = 0.2, na hapo kila kinachofuata ni kazi bure. Thamani za y ni 1, 0.941176, 0.8, 0.64 na 0.5.

Trapeza: nusu ya h mara (ya kwanza + ya mwisho + 2 × zilizobaki). Ni 0.125 × (1.5 + 2 × 2.381176) = 0.782794.

Simpson: theluthi ya h mara (ya kwanza + ya mwisho + 4 × zenye nafasi ya 2 na ya 4 + 2 × ya katikati). Ni 0.25/3 × (1.5 + 4 × 1.581176 + 1.6) = 0.785392.

Zote mbili mmezifanya vizuri. Ni makadirio, hazitakiwi kufanana. Trapeza huunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, ikikosa kilichopinda. Simpson hupitisha parabola kwenye nukta tatu tatu, na ndiyo maana kwa odineti zile zile tano imekosea kwenye desimali ya sita wakati trapeza imekosea kwenye ya tatu. Lakini kwa kuwa inakwenda vipande viwili viwili, vipande lazima viwe shufwa, yaani odineti ziwe witiri. Mkipewa odineti 6, Simpson haifanyi kazi hapo. Na msikate desimali katikati. Mkiandika 0.94 badala ya 0.941176, Simpson inawapa 0.7850 na faida yote ya kanuni bora imepotea. Bebeni desimali sita, mkadirie mstari wa mwisho.

SWALI: Mwalimu katupa swali la linia programingi. Mfanyabiashara anapakia boti kutoka Ukerewe kwenda Mwaloni Kirumba. Gunia la dagaa wakavu lina kilo 30, furushi la kayabo (samaki wakavu wa chumvi) kilo 50, boti isizidishe kilo 1,500. Nafasi inatosha mafurushi 60, na gunia moja la dagaa linakula nafasi ya mafurushi mawili. Faida ni Sh 8,000 kwa gunia na Sh 10,000 kwa furushi. Apakie mangapi? Tulipata kona ya x = 21.43, y = 17.14, tukakadiria 21 na 17. Kaweka kosa na hakusema kwa nini. Wanafunzi wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), Kirumba.

JIBU: Swali zuri sana hili, mshukuruni mwalimu.

Masharti kwanza. x iwe magunia ya dagaa, y mafurushi ya kayabo. Uzito: 30x + 50y ≤ 1,500, ukirahisisha 3x + 5y ≤ 150. Nafasi: 2x + y ≤ 60. Sharti hili la pili ndilo linalowachanganya wengi, huandika x + 2y kwa sababu neno "mafurushi mawili" limesimama karibu na y. Lijaribuni kwa boti iliyojaa dagaa tupu: magunia 30 yanakula nafasi ya mafurushi 60, basi boti imejaa. Kwenye 2x + y, x = 30 inatoa 60, sawa. Kwenye x + 2y boti ingebeba magunia 60, uongo. Ongezeni x ≥ 0 na y ≥ 0.

Faida F = 8,000x + 10,000y. Kona ni (0, 0), (30, 0) yenye 240,000, (0, 30) yenye 300,000, na makutano ya mistari miwili, x = 150/7, y = 120/7, yenye 342,857 na kitu. Hadi hapo mko sawa. Ila hakuna anayepakia robo gunia, kwa hiyo jibu lazima liwe namba kamili, na kukadiria kona kwenda namba ya karibu hakuna kanuni inayokulinda. Linganisheni:

(21, 17): kilo 1,480, nafasi 59, faida Sh 338,000.
(22, 16): kilo 1,460, nafasi 60, faida Sh 336,000.
(20, 18): kilo 1,500, nafasi 58, faida Sh 340,000.

Nukta bora ni magunia 20 na mafurushi 18, ambayo si ya karibu zaidi na kona. Mmepoteza Sh 2,000.

Mtajuaje kwamba hakuna inayoizidi? Faida inayozidi 340,000 maana yake 4x + 5y iwe 171 au zaidi. Sharti la uzito linasema 3x + 5y haizidi 150. Toeni la pili kwenye la kwanza: x lazima iwe 21 au zaidi. Kwa x = 21, y haiwezi kuzidi 17, na 4x + 5y ni 169. Kwa x = 22, y mwisho 16, ni 168. Kuanzia hapo kila gunia linaloongezeka linaondoa mafurushi mawili, jumla inazidi kushuka. Hakuna inayofika 171. Mistari hii minne ndiyo aliyoitaka mwalimu. Kwenye karatasi ya grafu mnaweza kufanya hivyo hivyo kwa rula: iwekeni sambamba na mstari wa faida, irudisheni taratibu kutoka kwenye kona, na nukta ya kwanza kamili itakayoguswa ndani ya eneo ndiyo jibu. Mchoro ukiwa mdogo rula hudanganya, kwa hiyo tumieni skeli ya sentimita 2 kwa kila 5, na mwisho hakikisheni kwa hesabu.

SWALI: Induksheni, ile njia ya kuthibitisha dai kwa kila n. Naonyesha n = 1, nachukulia n = k, nafanya n = k + 1, bado nakatwa alama. Na ile hatua ya n = 1 ina maana gani, mbona kila mara inakubali tu? Msomaji wa Sengerema.

JIBU: Haikubali kila mara. Jaribu "5ⁿ + 2 inagawanyika kwa 4". Chukulia 5ᵏ + 2 = 4m, basi 5ᵏ = 4m − 2. Kwa k + 1: 5(4m − 2) + 2 = 20m − 8 = 4(5m − 2). Hatua ya k kwenda k + 1 imepita bila dosari, lakini n = 1 inatoa 7, ambayo haigawanyiki kwa 4, na dai zima ni la uongo kwa kila n. Hatua ya pili inasema tu "kama moja ni kweli, inayofuata ni kweli". Bila ya kwanza, hakuna pa kuanzia.

Unapokatwa alama, tunadhani ni hapa: wakiambiwa wathibitishe kwamba 5ⁿ + 3 inagawanyika kwa 4, wengi huandika "5ᵏ⁺¹ + 3 = 4p" kama mstari wa kwanza wa hatua ya pili, kisha wanapanga namba mpaka zikubaliane. Hicho ndicho ulichoambiwa uthibitishe, huwezi kuanza nacho. Anza na upande mmoja tu: 5ᵏ⁺¹ + 3 = 5 × 5ᵏ + 3. Ingiza 5ᵏ = 4m − 3 kutoka kwenye dhana yako, utapata 20m − 12 = 4(5m − 3). Umefika mwenyewe. Taja kwamba m ni namba kamili, na funga kwa sentensi ya hitimisho. Ina alama yake. Mwenzako anapokukagua, afunike kazi yako yote isipokuwa mstari ulipoitumia dhana ya k. Kama hauoni mstari huo, uthibitisho haupo.

SWALI: Herufi za NYAMAGANA zinapangwa kwa njia ngapi, na ngapi ambazo A hazigusani? Tuna majibu manne tofauti mezani.

JIBU: Herufi 9, A nne, N mbili: 9! ÷ (4! × 2!) = 7,560. Kwa A zisizogusana msianze na A. Pangeni kwanza N, Y, M, G, N: 5! ÷ 2! = 60. Herufi tano zina nafasi sita za kuingilia, kuhesabu na za pembeni. Chagueni nne kati ya sita, ni 15. Jibu ni 60 × 15 = 900. Anayepata 21,600 amezipanga A nne zinazofanana kwa 4! bila sababu. Anayepata 300 amesahau nafasi moja ya pembeni, akachagua nne kati ya tano. Aonyeshe mistari yake.

SWALI: Mimi ndiye ninayeulizwa na bweni zima. Nikikataa naonekana najidai, nikikubali muda wangu wa msuli (kujisomea) unaisha. Halafu tunajadili kwa Kiswahili wakati mtihani ni wa Kiingereza, wengine wanasema tunajiharibia. Nifanyeje, kaka na dada zangu?

JIBU: Usikatae, weka utaratibu, na uutangaze kwa upole. Saa fulani hadi saa fulani, siku tatu kwa wiki. Anayekuja aje na jaribio lake lenye mistari, na wewe umpe dakika 10. Kwenye karatasi ya alama 100 ya saa tatu, swali la alama 10 lina dakika 18 tu. Kama dakika 10 za msaada hazikutosha, tatizo lake liko kwenye mada ya chini, mwelekeze huko. Aliyekwama kwenye integresheni ya sehemu mara nyingi amekwama kwenye kupasua sehemu za aljebra, na kumfanyia integrali kumi hakutamtibu.

Usishike kalamu yake. Kuna maswali machache yanayofungua mambo mengi: umepewa nini, unatafuta nini, mstari huu umetoka wapi, jibu lako liko kati ya ngapi na ngapi. Akikuuliza "kwa nini" na wewe ukakosa neno, andika swali hilo pembeni mwa daftari lako. Hayo ndiyo malipo yako. Unajua kwamba ajumenti inaongezwa 180°, ila je, unaweza kusema kwa nini si 90°? Mtu wa kukuuliza hivyo ni mwenzako aliyekwama, na mara nyingi hakuna mwingine.

Kuhusu lugha, jadilianeni kwa Kiswahili bila hofu. Sababu ya mstari inaeleweka kwa lugha unayofikiria nayo. Ila yule anayerudia swali baada ya ubao kufutwa aliandike lote kwa Kiingereza, pamoja na maneno ya hitimisho na vipimo, kama atakavyoandika kwenye mtihani. Makosa mengi ya linia programingi na probabiliti ni ya kusoma swali, kwa hiyo asome swali kwa sauti na aeleze kila sharti kwa Kiswahili kabla ya kuandika alama yoyote.

SWALI: Likizo niko nyumbani Ukerewe, wenzangu wako Mwanza mjini. Nawatumia maswali kwa simu, wananijibu "hilo rahisi" au wananitumia picha ya jibu zima. Nitumieje ili nisaidike?

JIBU: Usitume swali peke yake. Tuma swali, mistari yako yenye namba, jibu la kitabu kama unalo, na mstari unaoushuku. Ukipiga picha, weka daftari karibu na dirisha, piga ukiwa juu yake moja kwa moja, ukurasa mmoja picha moja. Ukichapa, mabano ndiyo roho ya ujumbe. "1/2x" mmoja ataisoma nusu ya x, mwingine moja chini ya 2x. Andika (1/2)x au 1/(2x). Kipeo kiandikwe e^(2x), si e^2x, na kipeuo cha pili kifungwe chote: √(x + 1) si √x + 1.

Ujumbe unaosaidika unaonekana hivi:

"Swali: integrali ya x·e^(2x). Mstari 1: u = x, dv = e^(2x) dx. Mstari 2: du = dx, v = 2e^(2x). Mstari 3: 2x·e^(2x) − integrali ya 2e^(2x). Mstari 4: (2x − 4)e^(2x) + C. Kitabu: (1/4)(2x − 1)e^(2x) + C. Nashuku mstari wa 2. Usinitumie jibu, niambie tu nikague nini."

Na anayejibu hahitaji picha wala ukurasa. Anaandika: "Difrenshieti hiyo v yako, uone kama inarudi kwenye e^(2x)." Hairudi. Inatoa 4e^(2x), kubwa mara nne, kwa hiyo v inatakiwa kuwa (1/2)e^(2x), na kosa lile lile limejirudia kutoka mstari wa 3 kwenda wa 4.